Huu ni mkoko gani? Mwongozo wa kumtambua kiumbe, kumpanga na kuliandika jina lake la kisayansi

Muulize mkata boriti wa Rufiji jina la mti uliosimama mbele yake. Hatakujibu "mkoko" akaishia hapo. Atakwambia huu ni mchu, ule ni mkandaa, wa kule mbele ni muia, na ataongeza upi unafaa nguzo na upi ni wa kuni. Mtu wa mjini yeye anaona mikoko tu. Mwanabiolojia yuko upande wa mkata boriti: kazi yao ni moja, ila mwanabiolojia huandika alichokiona kwa namna ambayo msomaji wa Lamu, Muscat au Manila ataelewa bila kuuliza mara ya pili.

Kabla hatujaingia matopeni, shika jambo moja. Jina la kisayansi lina maneno mawili, na maneno hayo hayana uzito sawa. La pili limefungwa kwenye kielelezo halisi, yaani mti uliokaushwa au mnyama aliyehifadhiwa, kilichowekwa mahali fulani panapojulikana. La kwanza, linaloitwa jenasi, ni hoja ya wataalamu kuhusu nani ni ndugu wa nani, na hoja hubadilika ushahidi unapobadilika. Watu wengi hulalamika kwamba "wanasayansi wanabadilisha majina kila siku" kwa sababu hawajatenganisha mambo hayo mawili.

Nimechagua mikoko kwa makusudi. Spishi zake kwenye pwani yetu ni chache, zinatofautishika bila darubini, na kama utakavyoona kwenye hatua ya tatu, zinamdanganya vizuri sana mtu anayepanga viumbe kwa kutazama mahali wanapoishi.

Kabla ya kwenda

Nenda maji yanapokupwa, na ujue saa ya maji kujaa. Siku za bamvua maji hukupwa mbali lakini hurudi kwa kasi, na mikokoni hakuna njia ya kukimbilia. Beba daftari na penseli (wino wa kalamu huyeyuka ukilowa), rula, kioo cha kukuzia cha mara 10, magazeti makuukuu, mfuko wa plastiki na simu yenye kamera.

Kutazama na kupiga picha ni jambo moja, kukata tawi ni jingine. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na ya Kenya ni msitu wa serikali unaosimamiwa na KFS (shirika la huduma za misitu Kenya). Ukitaka kuchukua hata kijitawi, omba ruhusa. Utafiti rasmi unahitaji kibali cha tume ya sayansi ya nchi husika: Tanzania COSTECH, Kenya NACOSTI.

Hatua ya 1: Andika ulichokiona kabla ya kutafuta jina

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu akishajiambia "huu ni mchu", macho yake huanza kuona mchu peke yake. Kwa hiyo jina liache kwanza. Andika:

- majani yamekaaje kwenye kitawi: mawili mawili yakitazamana, au moja moja kwa kupokezana;
- jani ni zima, au limegawanyika kuwa vijani kadhaa kwenye kikonyo kimoja;
- ncha ya jani, na rangi ya upande wake wa chini;
- mizizi inayoonekana juu ya tope: umbo, unene, inatokea wapi;
- ua, kama lipo: rangi, na idadi ya meno ya kikombe chake (sehemu ya nje inayoshika petali);
- tunda, harufu, utomvu, rangi ya gome.

Rangi, harufu na utomvu vipe kipaumbele, maana vitu hivyo hupotea mmea ukikauka. Anayekuja kuufungua mmea wako baada ya miaka 40 ataona jani la kahawia tu, na hataweza kujua kwamba ua lilikuwa jekundu kama hukuandika.

Kisha andika tarehe, mahali (namba za GPS kutoka kwenye simu pamoja na maelezo ya kawaida, mfano "mkono wa kushoto wa mdomo wa mto, umbali wa mita 50 kutoka maji makuu"), na jina la aliyekusanya. Mwisho andika jina la kienyeji, ukitaja umelipata wapi na kwa nani. Hili la mwisho lisidharauliwe. Mti uleule utaitwa muia kwingine na msinzi kwingine, na "mkoko" wenyewe kuna mahali ni jina la mti mmoja na kuna mahali ni jina la msitu mzima. Jina la kienyeji bila kijiji lilikotoka halimsaidii mtu.

Hatua ya 2: Pita kwenye ufunguo

Ufunguo wa utambuzi ni mfululizo wa maswali yenye majibu mawili tu. Kila jibu linakupeleka kwenye swali linalofuata mpaka ufike kwenye jina. Kuna funguo za wadudu zenye mamia ya maswali. Huu hapa nimeufupisha kwa miti minane ya mikokoni inayokutwa sana kuanzia Lamu hadi Mtwara.

1a. Majani yako moja moja kwa kupokezana: nenda 2.
1b. Majani yako mawili mawili yakitazamana: nenda 4.

2a. Jani limegawanyika vijani. Tunda ni kubwa, la mviringo, gumu: mkomafi, *Xylocarpus granatum*.
2b. Jani ni zima: nenda 3.

3a. Jani ni kubwa, na chini yake linang'aa rangi ya fedha: msikundazi, *Heritiera littoralis*.
3b. Jani ni dogo, nene, lina kipengo kidogo kwenye ncha: kikandaa, *Lumnitzera racemosa*.

4a. Kuna mizizi mingi inayochomoza wima kutoka kwenye tope kuuzunguka mti: nenda 5.
4b. Hakuna mizizi ya namna hiyo: nenda 6.

5a. Mizizi hiyo ni myembamba kiasi cha penseli; jani ni la kijivu au jeupe upande wa chini, na ukililamba lina chumvi: mchu, *Avicennia marina*.
5b. Mizizi ni minene chini, imechongoka juu. Jani ni la mviringo. Mti uko upande wa bahari: mlilana, *Sonneratia alba*.

6a. Mizizi inashuka kutoka kwenye shina na kusimama kama miguu ya buibui. Ncha ya jani ina kijimwiba. Kikombe cha ua kina meno manne: mkoko wenyewe, *Rhizophora mucronata*.
6b. Si hivyo: nenda 7.

7a. Jani ni dogo, ncha yake butu. Kikombe cha ua kina meno matano: mkandaa, *Ceriops tagal*.
7b. Jani ni kubwa, ncha imechongoka. Kikombe cha ua mara nyingi ni chekundu na kina meno kumi au zaidi. Mizizi imejikunja juu ya tope kama magoti: muia au msinzi, *Bruguiera gymnorhiza*.

Ufunguo una tabia zake. Kwanza, hautakwambia kwamba mti wako haumo. Ukiingiza mwembe kwenye ufunguo huu utatoka na jina la mkoko, bila aibu. Kwa hiyo ukifika kwenye jina, tafuta maelezo kamili ya spishi hiyo na picha zake, ulinganishe na ulichoandika kwenye hatua ya kwanza. Kimoja kikigoma, rudi nyuma. Mkomafi kwa mfano ana ndugu wa jenasi moja asiyekutwa sana, ambaye ufunguo huu umemwacha.

Pili, mizizi ya miti miwili iliyosimama pamoja huchanganyikana. Wanafunzi wengi husoma jani la mkandaa pamoja na mizizi ya mchu wa jirani, wakapata mti ambao haupo duniani. Fuata tawi hadi shinani, na shina hadi tope.

Tatu, kuna mahali macho hufika mwisho. Mfano mashuhuri ni kundi moja la mbu wa malaria. Hadi katikati ya karne iliyopita waliitwa wote *Anopheles gambiae*. Majaribio ya kuwazalisha pamoja yakaonyesha kwamba ni spishi kadhaa zinazofanana kabisa kwa sura. *Anopheles gambiae* hasa hupenda damu ya binadamu na hung'ata zaidi ndani ya nyumba. *Anopheles arabiensis* huenda pia kwa ng'ombe na hung'ata sana nje. Anayegawa vyandarua anahitaji kujua ana mbu yupi kijijini, na jibu hilo hutoka maabara ya vinasaba tu. Aliyewatazama kwa kioo cha kukuzia peke yake huandika *Anopheles gambiae* s.l., yaani "kwa maana pana". Hiyo si dosari. Jina linalokiri mpaka wa ulichokiona lina thamani kuliko jina kamili la kubahatisha. Kwa mantiki hiyohiyo, ukijua jenasi bila spishi andika *Avicennia* sp.; ukiwa na spishi kadhaa za jenasi hiyo, andika spp.

Hatua ya 3: Mpe kiumbe ukoo wake

Ngazi za kawaida kutoka juu ni domeni, himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Kwa kazi ya kila siku utahitaji tatu au nne za chini tu. Miisho ya majina itakusaidia kujua uko ngazi gani: kwa mimea, *-ales* ni oda na *-aceae* ni familia, kwa wanyama familia huishia na *-idae*.

Sasa itazame tena miti yetu minane. Yote inaishi kwenye maji ya chumvi, na yote ina njia ya kupumua au kusimama kwenye tope lisilo na hewa. Aliyeipanga kwa makazi angeiweka kundi moja. Ukifuata ukoo, inatawanyika hivi:

Mkoko, muia na mkandaa kweli ni ndugu wa familia moja, Rhizophoraceae. Alama yao unaiona kwa macho: mbegu huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani kabla ya kudondoka. Ukipanda ngazi moja hadi oda ya Malpighiales, unawakuta na muhogo.

Mkomafi hahusiani nao. Yuko Meliaceae, familia ya mwarobaini.

Msikundazi yuko Malvaceae, pamoja na mbuyu, pamba na bamia.

Kikandaa yuko Combretaceae, familia ya mkungu unaopandwa kwenye viwanja vya shule kwa ajili ya kivuli.

Mlilana yuko Lythraceae. Ndugu zake ni mhina na mkomamanga.

Mchu yuko Acanthaceae, familia iliyojaa vichaka na magugu ya maua.

Familia sita kwa miti minane. Maana yake ni kwamba maisha ya kwenye maji ya chumvi yalibuniwa na koo mbalimbali, kila moja kwa wakati wake, na kufanana kwao ni kwa sababu ya shida moja waliyokutana nayo. Neno "mikoko" linabaki kuwa zuri kwa mvuvi na kwa afisa misitu, lakini si kundi la uainishaji. Hivyo hivyo kwa wanyama: pomboo ana umbo la samaki, ila ndugu yake wa karibu aliye hai nje ya jamii ya nyangumi ni kiboko. Nguva wa Rufiji na Kilwa yuko karibu na tembo na pimbi kuliko alivyo karibu na pomboo anayeogelea naye.

Wataalamu walijuaje? Zamani kwa kulinganisha maua, mbegu, mifupa na meno. Tangu miaka ya 1990 kwa kulinganisha vinasaba pia. Mwaka 1998 kundi la wanabotania wa nchi mbalimbali lilitoa mpango mpya wa familia za mimea ya maua uliotegemea vinasaba, na umerekebishwa mara tatu tangu hapo, mara ya mwisho 2016. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoondoa familia kadhaa za zamani. Vitabu vya zamani vinampa mchu familia yake peke yake, Avicenniaceae, na mlilana yake, Sonneratiaceae. Ukikuta majina hayo hujakutana na mti mwingine. Umekutana na hoja ya zamani.

Hatua ya 4: Liandike jina inavyotakiwa

Mfumo wa maneno mawili tunaoutumia ni wa Carl Linnaeus wa Sweden. Kwa mimea tunahesabu tangu kitabu chake cha 1753, kwa wanyama tangu toleo la kumi la kitabu chake kingine, la 1758. Jina lililotolewa kabla ya hapo halina nguvu.

Kanuni za uandishi ni chache. Neno la kwanza (jenasi) lina herufi kubwa mwanzoni. Neno la pili lote ni herufi ndogo, hata kama limetokana na jina la nchi au mtu: *angolensis*, kamwe si *Angolensis*. Yote mawili huandikwa kwa herufi za mlazo. Kwa mkono, pigia mstari chini. Ukishataja jina zima mara moja, unaweza kufupisha jenasi: *R. mucronata*. Usifupishe kama kwenye andiko lako kuna jenasi nyingine inayoanza na herufi hiyo hiyo.

Usiache neno la pili lisimame peke yake. Fikiria *niloticus*. Sangara ni *Lates niloticus*. Sato ni *Oreochromis niloticus*. Mamba ni *Crocodylus niloticus*. Kenge ni *Varanus niloticus*. Muuza samaki wa Mwanza akikwambia ana "niloticus" freshi, muulize kwanza ina miguu mingapi.

Baada ya maneno mawili hufuata jina la aliyelitoa, na hapa watu wengi huruka bila kusoma, wakati habari nyingi zimo humo. Kiboko ni *Hippopotamus amphibius* Linnaeus, 1758. Simba ni *Panthera leo* (Linnaeus, 1758). Mabano kwa simba yana maana: Linnaeus alitoa neno *leo*, lakini alimweka kwenye jenasi nyingine, *Felis*, na baadaye akahamishwa. Twiga naye ana mabano, *Giraffa camelopardalis* (Linnaeus, 1758), kwa sababu Linnaeus alimhesabu miongoni mwa kulungu, jenasi *Cervus*. Kwa hiyo usiweke mabano kwa urembo wala usiyaondoe kwa uvivu.

Wanabotania huenda mbele zaidi: wanamtaja aliyetoa neno na aliyelihamisha, kwa vifupisho, kwa kawaida bila mwaka. Mchu ni *Avicennia marina* (Forssk.) Vierh. "Forssk." ni Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyekwenda Uarabuni na msafara wa Denmark na kufia Yemen mwaka 1763 kwa malaria. Maandishi yake yalichapishwa 1775 na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr. Forsskål aliuita mti huu *Sceura marina*. Friedrich Vierhapper akauhamishia *Avicennia* mwaka 1907. Mti huohuo ndio mkoko pekee wa asili wa Oman, na mtaa wa Qurum wa Muscat umepata jina kwake. Msomaji wa huko, ufunguo wangu wa juu unaweza kuuacha nyumbani.

Tofauti moja zaidi: kwa wanyama inaruhusiwa maneno yote mawili kuwa sawa, kama *Crocuta crocuta*, fisi madoa. Kwa mimea ni marufuku.

Hatua ya 5: Hakikisha jina bado linatumika

Jina ulilolitoa kwenye kitabu cha 1970 huenda limepitwa. Kwa mimea, fungua tovuti ya Plants of the World Online ya bustani za Kew. Kwa samaki, FishBase. Kwa viumbe wote kwa jumla, Catalogue of Life au GBIF. Andika jina lako. Tovuti itakwambia limekubalika, au ni jina la kando la spishi nyingine. Jaribu na tahajia tofauti pia: muia utaukuta kama *gymnorhiza* na *gymnorrhiza*.

Majina hubadilika kwa njia tatu kuu, na kila moja inakutaka ufanye jambo tofauti.

Kuhamishwa jenasi. Hapa neno la pili hubaki. Kesi iliyotuuma Waafrika ni ya mgunga. Ilipodhihirika kwamba *Acacia* ya zamani ilikuwa mkusanyiko wa koo kadhaa, ilibidi jina libaki kwa ukoo mmoja tu. Kwa kanuni ya kawaida lingebaki upande wa Afrika, kwa kuwa kielelezo chake kilikuwa mgunga wa huku. Kongamano la wanabotania la Vienna mwaka 2005 likaridhia kielelezo kibadilishwe, jina liende kwa miti ya Australia ambayo ni mamia ya spishi, na kongamano la Melbourne la 2011 likalikazia. Migunga ya Serengeti leo ni *Vachellia* na *Senegalia*. Binafsi naona uamuzi ule ulipunguza usumbufu kwa walio wengi na kuwaachia gharama walio wachache, lakini ukiandika leo andika *Vachellia tortilis*, kisha weka "zamani *Acacia tortilis*" mara moja ili msomaji wa vitabu vya zamani asipotee.

Kumezwa. Mwaka 2012 ilitangazwa spishi mpya ya mbuyu wa nyanda za juu, *Adansonia kilima*. Wengine walipochunguza upya, 2016, wakahitimisha kwamba sifa zilizotajwa hazitengi, na ni *Adansonia digitata* ileile. Ukikutana na jina la *kilima*, soma kama *digitata*.

Kugawanywa. Hii ndiyo ya hatari, kwa sababu rekodi za zamani haziwezi kurekebishwa kwa kubadilisha neno tu. Tembo wa msituni wa Kongo, *Loxodonta cyclotis*, na tembo wa savana, *Loxodonta africana*, walihesabiwa na IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe) kama spishi mbili kuanzia 2021; ripoti ya zamani inayosema "tembo wa Afrika" inabidi uangalie ilitoka wapi. Twiga nao IUCN imewakubali mwaka 2025 kuwa spishi nne, na wa Kimasai sasa ni *Giraffa tippelskirchi*. Hapa ndipo GPS na tarehe za hatua ya kwanza zinapolipa.

Hatua ya 6: Hifadhi kielelezo

Kama una kibali, chukua tawi lenye majani na ua au tunda. Lilaze kati ya magazeti, geuza jani moja ili upande wa chini uonekane, bana kwa mbao mbili na kamba, na badilisha magazeti kila siku. Pwani kuna unyevu na majani ya mikoko ni mazito. Ukisahau kwa siku mbili utakuta ukungu. Tunda la mkomafi halibaniki, lifunge kwenye mfuko wake wenye namba ileile. Usitumie selotepu: gundi yake hugeuka njano na kuharibu mmea.

Lebo iwe na yote ya hatua ya kwanza. Peleka kwenye jumba la mimea iliyokaushwa: lipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lipo Arusha, na lipo Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ambako mkusanyiko wake ulianzia Amani, Usambara, ukahamishwa mwaka 1950. Picha nzuri pekee waweza kuzipandisha kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watu wengine watathibitisha au kupinga jina lako.

Hatua ya 7: Na kama hana jina?

Hutokea. Mfuate kipunji uone njia yote.

Mwaka 2003 watafiti wa WCS, shirika la uhifadhi wa wanyamapori, waliokuwa Nyanda za Juu Kusini walisikia kwa wenyeji wa Mlima Rungwe habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Walimwona mwaka huohuo. Mwaka 2004 kundi jingine, lisilojua habari za wenzao, likamwona kima yuleyule kwenye msitu wa Ndundulu, Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe. Makundi hayo yaliungana, wakiwemo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, na Mei 2005 wakachapisha kwenye jarida la *Science* jina *Lophocebus kipunji*.

Jina jipya linahitaji vitu vitatu: maelezo yanayomtenga kiumbe na jamaa zake, kielelezo kimoja kilichotajwa kuwa mshika jina (holotipu), na uchapishaji unaokubalika. Kwa kipunji holotipu ilikuwa dume hai aliyepigwa picha, kwa kuwa hawakutaka kumuua mnyama adimu. Wataalamu wengine walilalamika, na hoja yao haikuwa ya ovyo: picha haina meno wala damu ya kupima. Baadaye mwaka huohuo kipunji mmoja alinaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Mwili wake ulipopimwa, vinasaba vilimweka karibu na nyani wa jenasi ya *Papio*, ilhali fuvu lake halikuwa la nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi mpya, *Rungwecebus*.

Tazama kilichotokea: ndani ya mwaka mmoja neno la kwanza lilibadilika kabisa, na *kipunji* halikuguswa, wala holotipu haikubadilika.

Ukifika kwenye kuchagua neno, kanuni zinakuachia uhuru mkubwa. Mahali huchukua *-ensis*, kama kwaru wa Udzungwa (ndege wa jamii ya kwale), *Xenoperdix udzungwensis*, ambaye watafiti walianza kumshuku walipoona miguu ya ajabu kwenye chungu cha kitoweo mwaka 1991. Mwanamume huchukua *-i*, mwanamke *-ae*. Neno la Kiswahili linaruhusiwa: jenasi ya vinyonga wa milima yetu ni *Kinyongia*, iliyotolewa 2006. Kujipa jina lako mwenyewe hakujakatazwa, ila hutasikia mwisho wake.

Kwa wanyama, ukichapisha kwenye jarida la mtandaoni, jina liandikishwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na namba yake iwemo ndani ya makala. Kwa mimea, tangu 2012 maelezo yaweza kuwa kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili unaweza kukiongeza chini yake, lakini hakitoshi peke yake. Na tarehe ya jina ni ya uchapishaji, si ya siku ulipomwona kiumbe. Kipunji alionekana 2003, jina lake ni la 2005. Kama mtu mwingine angemchapisha 2004, jina hilo la kwanza ndilo tungekuwa tunalitumia leo. Kwa hiyo ukishakuwa na kielelezo na uhakika, usikae nacho kabatini.